Apu Mpya? Si Lazima Uipakue Leo

Mkulima wa kabichi pale Mwanda siku hizi analipwa na mnunuzi wa Voi au Mombasa kwa simu. Kwenye simu hiyo hiyo anaambiwa pakua apu hii upate mkopo dakika tano, jiandikishe kule upewe bonasi. Asipopakua, vijana wanamcheka kuwa amebaki nyuma. Sisi tunaoishi kwa biashara ya malipo ya simu pengine ungetarajia tuwaunge mkono vijana. Hapana. Tunadhani mwenye kusitasita ana akili zake.

Hebu kumbuka M-Pesa. Ilipojaribiwa mwaka 2005, ilikusudiwa watu walipe mikopo midogo. Wateja wakaanza kuitumia kutumiana pesa wao kwa wao, na ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa ndiyo kazi iliyotangazwa. Kwa hivyo watumiaji ndio waliopima na kuamua inafaa kwa nini. Hata leo, mtu akituma kwa namba asiyoizoea hutanguliza hela kidogo, anapiga simu kuuliza kama imefika, ndipo anamalizia. Apu mpya nayo ipimwe hivyo.

Kuna vitu lakini havijaribiki kidogo kidogo. Mwaka 2023 watu walipanga foleni KICC, Nairobi, wakapigwa picha za mboni za macho na Worldcoin ili wapate tokeni za kama shilingi 7,000. Hatuwalaumu, 7,000 ni karo ya mtoto. Agosti mwaka huo serikali ikasimamisha shughuli hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data iliyokusanywa ifutwe. Namba ya siri ikivuja unaibadilisha. Jicho utabadilisha na nani?

Apu za mikopo ndizo zimeumiza wengi zaidi. Unabonyeza "kubali" bila kusoma, kumbe umeiruhusu isome namba zote ulizohifadhi. Ukichelewa kulipa, mjomba na mwalimu wa mtoto wanapigiwa simu kuambiwa una deni. Ilifika mahali sheria ikabadilishwa Desemba 2021, na kanuni za Machi 2022 zikawataka wakopeshaji hao wawe na leseni ya Benki Kuu, zikakataza pia hayo ya kuwasumbua watu walio kwenye simu yako. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Jina lisipokuwepo, achana nayo, hata kama shemeji ndiye aliyekutumia linki.

Mengine ni ya kawaida tu, ila hayaulizwi. Mtandao ukipotea katikati ya malipo, kama unavyopotea huku milimani, pesa inabaki wapi? Simu ikiibiwa Voi stendi, akaunti utairudisha vipi? Ukichoka nayo, utatokaje? Wenye apu wakikosa jibu fupi la maswali hayo, subiri miezi kadhaa uone waliotangulia wanasemaje.

Na sisi tuulizwe vilevile. Apu yetu ikitaka kusoma namba zako, kataa kwanza uone kama malipo yatapita. Yakikwama, pigia huduma kwa wateja udai maelezo. Na kama kabambe yako inatosha kupokea hela ya kabichi na kumlipa mwenye gari, endelea nayo.