Safari ya pikipiki milimani: Piga hesabu kabla ya kuwasha injini

Miongoni mwa barua zilizotufikia imo moja ya msomaji wetu, fundi mitambo wa kiwanda jijini Dar es Salaam. Mdogo wake anafanya kazi Munich, Ujerumani, naye amemwalika yeye pamoja na mkewe waende huko katikati ya Aprili, majira ya machipuo, wakazunguke kwa pikipiki katika barabara za milima ya Alps. Pikipiki ipo, ni ya huyo mdogo mtu. Nauli imelimbikizwa kwa miaka mitatu. Likizo ni zile siku 28 za mwaka zinazotolewa na sheria. Watoto watabaki na bibi yao. Fundi ana shauku ya kupanda barabara ya Stelvio, ambayo ameiona kwenye picha. Mkewe, ambaye ndiye atakayekaa nyuma, ana hofu. Wanatutaka tuamue baina yao.

Ndugu msomaji, shauri hili si la fundi na mkewe peke yao. Vijana wetu wengi sasa wanaishi ng'ambo, na mialiko ya namna hii haina budi kuongezeka. Kwa hiyo jibu letu tunalitoa hadharani, tukiamini kwamba litamfaa kila mwenye nyumba anayekusudia kutumia akiba ya jamaa yake kwa safari ya mbali na yenye hatari ndani yake.

Kalenda ya mlima

Jambo la kwanza ni tarehe, na hapa ndipo mpango wa fundi wetu unapokwama. Barabara ya Stelvio, iliyoko kaskazini mwa Italia, hufika kiasi cha mita 2,757 juu ya usawa wa bahari. Ilijengwa kati ya mwaka 1820 na 1825 chini ya mhandisi Carlo Donegani, wakati dola ya Austria ilipotaka kuiunganisha Lombardia na Tirol. Kutoka kijiji cha Prad hadi kileleni kuna kona 48 za kugeuka na kurudi ulikotoka. Kona hizo ndizo zilizomvutia fundi. Lakini katikati ya Aprili kona hizo zimefunikwa na theluji, na barabara imefungwa kwa vizuizi. Aghalabu hufunguliwa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, na theluji ikichelewa kuyeyuka, tarehe nayo husogezwa mbele.

Hali ni hiyo hiyo kwa barabara nyingine za juu. Ile ya Grossglockner nchini Austria, iliyofunguliwa mwaka 1935 baada ya ujenzi wa miaka mitano, ina urefu wa kilometa 48 na kwa kawaida haipitiki kabla ya mwanzo wa Mei. Hata ikifunguliwa, msafiri hupita baina ya kuta za theluji zilizochongwa na mitambo, kuta zinazomzidi mtu kimo mara kadhaa. Furka ya Uswisi, mita 2,429, na Galibier ya Ufaransa, mita 2,642, nazo husubiri jua la Mei na Juni.

Neno "machipuo" basi lisitudanganye. Huko bondeni miti ya matofaa imechanua na watu wanakunywa kahawa barazani. Mwendo wa saa moja kupanda juu, bado ni kipupwe kikali. Hewa hupungua joto kwa kadiri ya nyuzi 6 hivi kila upandapo mita 1,000. Prad iko kwenye mita 900 na ushei. Ukiiacha ikiwa na nyuzi 18, kileleni utakuta nyuzi 6 tu, na upepo wa mwendo wa pikipiki utazifanya zihisiwe kama sifuri.

Njia mbili zilizo wazi

Fundi asivunjike moyo, kwani ana njia mbili, na zote ni njema.

Njia ya kwanza ni kuisogeza likizo hadi katikati ya Juni. Wakati huo barabara nyingi za juu huwa zimefunguliwa, nao umati wa wasafiri wa Julai na Agosti haujafika. Mwajiri akikubali, na tiketi ikiwa haijalipiwa, sisi twaona hii ndiyo njia bora kwa mtu ambaye hawezi kurudia safari hiyo kila mwaka.

Njia ya pili ni kwenda Aprili lakini kubaki chini. Tokea Munich wanaweza kuvuka Alps kwa Brenner, ambayo kwa kimo chake cha mita 1,370 hivi hupitika mwaka mzima. Wateremke hadi Bolzano, kisha hadi ziwa Garda, ambalo liko mita 65 tu juu ya usawa wa bahari na limezungukwa na miamba mirefu. Wakitaka kona zaidi, waendelee hadi Bologna na kuvuka milima ya Apennini kwa njia ya Futa, mita 903, hadi Firenze. Barabara hiyo hupanda na kupinda ndani ya misitu, na juu yake kuna makaburi ya askari wa Kijerumani zaidi ya 30,000 waliokufa nchini Italia katika Vita Kuu ya Pili. Msafiri akisimama hapo atapata la kuwasimulia wanawe lililo zito kuliko idadi ya kona alizopiga.

Vyovyote watakavyochagua, wasipime siku kwa kilometa za barabara ya tambarare. Milimani, kwa kona, mapumziko na petroli, mwendo wa wastani huwa kama kilometa 40 kwa saa. Kilometa 200 ni kazi ya siku nzima. Na katika kila siku tano, moja iwe ya kupumzika. Mtu aliyechoka ndiye hukosea kona ya mwisho.

Karatasi kabla ya mabegi

Viza ya nchi za Schengen huombwa mapema zaidi miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Hupelekwa kwa ubalozi wa nchi ambamo msafiri atakaa siku nyingi zaidi. Hapa wengi hukosea: ndege ikitua Munich lakini usiku mwingi ukalala Italia, ombi ni la Italia. Hesabu siku zako mahali pa kulala, si mahali pa kutua. Bima ya matibabu inayotakiwa kwa viza ni ya euro 30,000 au zaidi. Lakini, ndugu msomaji, isome bima hiyo hadi mstari wa mwisho. Bima nyingi za wasafiri huwatenga waendesha pikipiki, au hudai malipo ya ziada. Mtu akivunjika mguu mlimani na kuchukuliwa kwa helikopta, gharama inaweza kumeza akiba ile yote ya miaka mitatu, tena ikabaki na deni.

Leseni ya nyumbani iwe na daraja la pikipiki, nayo iandamane na kibali cha kimataifa cha kuendesha. Kwa kuwa pikipiki ni ya ndugu, awe na barua ya mwenyewe ya kumruhusu, pamoja na karatasi za usajili, na ahakikishe kwamba bima ya chombo humkubali dereva mwingine. Undugu hautambuliwi na kampuni ya bima. Austria na Uswisi hutoza ushuru wa barabara kuu kwa njia ya stika, na ile ya Uswisi ni faranga 40. Sehemu ya Brenner ina ushuru wake mbali. Austria hutaka pikipiki iwe na vifaa vya huduma ya kwanza. Ufaransa hutaka glavu za mkononi zilizoidhinishwa, kwa dereva na kwa abiria wa nyuma pia, tangu mwaka 2016. Namba ya dharura katika nchi zote hizo ni moja: 112.

Hatari ambazo picha hazionyeshi

Mtu aliyezoea mitelemko ya Kitonga au barabara ya Lushoto anajua kona, lakini hajui barafu. Katika machipuo, maji ya theluji huvuka barabara mchana, usiku huganda. Asubuhi upande wa jua umekauka, ilhali kona iliyo kivulini bado ina utando wa barafu usioonekana. Kwa sababu hiyo, asianze kupanda kabla ya saa 4 asubuhi, na ifikapo saa 11 jioni awe amekwisha teremka. Changarawe iliyomwagwa wakati wa baridi ili magari yasiteleze nayo hubaki kwenye kona kwa majuma mengi. Tairi la pikipiki likiinama juu yake, halina cha kushika.

Kasi nayo ifikiriwe kwa hesabu. Kwa kilometa 60 kwa saa, pikipiki hupita karibu mita 17 kila sekunde. Kona ambayo unaona mita 20 tu mbele yake haitaki kasi hiyo, hata kama barabara ni kavu na kibao kinairuhusu. Na pikipiki yenye watu wawili na mizigo hukawia kusimama kuliko ile aliyoizoea akiwa peke yake.

Katika kuteremka, apunguze gia na kuiacha injini ishike mwendo. Akikanyaga breki mfululizo zitapata moto hata zishindwe kazi. Katika kupanda, asishangae injini kupungukiwa na nguvu, kwa maana kwenye kimo cha Stelvio hewa ni nyepesi na injini hupoteza kama robo ya nguvu zake. Nchini Uswisi, kwenye barabara za milimani zenye kibao cha baragumu ya njano, basi la njano la posta lina haki ya kupita kwanza, na maelekezo ya dereva wake hutiiwa. Ukiisikia honi yake ya sauti tatu nyuma ya mwamba, jiweke kando na usubiri.

Aliyekaa nyuma

Sasa tumgeukie mke wa fundi, ambaye hofu yake imeitwa woga. Sisi hatuuiti woga. Dereva anaona kona kabla ya kuifikia; mikono yake ina usukani na breki. Aliyekaa nyuma amekabidhi uhai wake kwa mikono ya mtu mwingine, tena ni mama wa watoto waliobaki nyumbani. Wazazi wote wawili wakiwa juu ya chombo kimoja, kosa moja laweza kuwapata wote wawili. Hesabu hiyo haimo katika ramani wala katika bei ya petroli, na ni haki yake kuitaja mezani.

Ushauri wetu ni huu. Kwanza, wafanye mazoezi hapa hapa nchini, wote wawili, siku kadhaa, wakiwa na mizigo. Mke ajifunze kuinama pamoja na dereva na si kinyume chake. Pili, wapatane ishara: kugonga bega mara moja maana yake punguza, mara mbili maana yake simama. Ishara hiyo itiiwe papo hapo bila majadiliano. Majadiliano yafanyike pikipiki ikiwa imezimwa. Tatu, nguo ya mke iwe sawa na ya mume. Tumewaona waume wenye jaketi nene na buti huku wake zao wamefungwa kitenge na kuvaa ndala, lami haichagui. Nne, ziwepo siku ambazo mke atapanda treni na kukutana na mumewe mjini jioni. Kutoka Munich hadi Bolzano, Bologna na Firenze reli ipo, na barabara ya juu ikiwa mbaya siku hiyo, hakuna aibu kwa mume naye kubaki bondeni.

Mwisho, nyumba isiachwe gizani. Bibi wa watoto apewe nakala ya karatasi zote, namba ya simu ya yule mdogo mtu, na orodha ya mahali watakapolala kila usiku. Saa ya kupiga simu iwekwe na isivunjwe. Fedha ya ada, kodi ya nyumba na chakula cha mwezi huo na unaofuata itengwe kabla ya tiketi kununuliwa. Safari ambayo haiwezi kulipiwa bila kugusa fungu hilo, bado haijaiva.

Kwa hiyo, ndugu fundi, katika swali la Aprili na Stelvio mkeo ameshinda, na aliyempa ushindi ni theluji. Katika swali la kwenda au kutokwenda, hatuoni sababu ya kumnyima mfanyakazi furaha aliyoitolea jasho. Kaeni chini jioni moja, mfungue ramani, na kalamu ishikwe na yeye. Achague baina ya Juni ya juu na Aprili ya chini, nawe umpe mwalikaji wako jibu la nyumba nzima. Stelvio imekuwapo kwa miaka 200 na itakusubiri.