USONJI SI KICHAKA CHA KUJIFICHIA

 

Neno la leo: Kutoka 21:28-29. Fungua Biblia yako usome mwenyewe kwanza, halafu urudi hapa.

Ujumbe wa leo ni mrefu kuliko ile mingine ya asubuhi. Nimeubeba moyoni majuma matatu. Kama uko stegi unangoja matatu ya Kericho, au umekaa kituo cha majani ukingoja lori lije lipime, soma polepole. Ukichoka, pumzika, lakini usiache katikati.

Wapendwa, kuna jambo lilitokea kati yetu. Sitataja jina la mtu, na tafadhali msianze kuulizana kwa maoni hapo chini ni nani. Dada aliyeumizwa ameniruhusu niandike, na mama nitakayemtaja pia ameniruhusu.

Ndugu mmoja aliyekuwa na nafasi katika huduma yetu alikuwa na tabia ya kuwadhalilisha dada zetu mbele ya watu. Mmoja alimwambia sauti yake ni kama ya mbuzi. Mwingine alimwambia kwa mwili ule hakuna mwanaume atamtaka. Usiku alikuwa akimwandikia binti mmoja ujumbe kwa WhatsApp, maneno ambayo siwezi kuyaweka hapa. Binti akamjibu wazi: "Ndugu, tafadhali wacha. Sipendi." Hakuwacha. Akaendelea.

Tulipomwita mbele ya wazee, alisema hivi: "Pasta, msinihukumu. Mimi niko na usonji. Niliona video kwa simu, na dalili zote ni zangu. Siwezi jua neno gani litaumiza mtu."

Chumba kikanyamaza. Hapo ndipo mimi, mchungaji wenu, nilikosea. Nilisikia neno la hospitali nikaogopa. Niliogopa kuonekana sina huruma. Tukashikana mikono, tukaomba, nikamwambia binti asamehe tusonge mbele. Yote yalichukua nusu saa.

Jumapili iliyofuata binti hakuja kanisani. Ya pili pia hakuja.

Katikati ya juma hilo la pili, mama mmoja akaja nyumbani kwangu. Huyu mama ana mtoto wa miaka tisa aliye na usonji. Si usonji wa video. Ni mtoto aliyezungushwa hospitali baada ya hospitali mpaka akathibitishwa. Mama hakukaa, hata chai hakunywa. Akaniuliza swali moja tu akiwa amesimama mlangoni:

"Pasta, sasa mtoto wangu akikuwa mkubwa, watu wataambiana hawa ndio wale wa kutukana wasichana?"

Wapendwa, sikuwa na jibu. Ninaandika leo kwa sababu ya hilo swali.

USONJI NI NINI?

Kwanza tuelewane, kwa maana wengi wetu tunalisikia neno hili tu. Usonji, wengine huuita otizimu, ni jinsi ubongo wa mtu ulivyokua tangu mwanzo. Mtu hazaliwi mzima halafu akaupata ukubwani kama malaria. Kuna watu wazima wanaogundulika wakiwa wamechelewa, ndiyo, lakini hali yenyewe walikuwa nayo tangu utotoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 karibu mtu 1 kati ya kila 127 duniani alikuwa na usonji. Piga hesabu ya watu wanaoshuka sokoni hapa Kapsoit siku ya soko. Hawa ni watu wetu.

Usonji si laana. Si pepo. Haukuletwa na chanjo, wala si mama aliyekosea malezi. Kuna mtoto hasemi kabisa. Kuna mwingine anasema vizuri na ana akili ya kukushangaza, lakini sauti ya spika inamwingia masikioni kama msumari. Wengi hupata shida kusoma uso wa mtu, au kujua utani umeishia wapi. Kwa hivyo ni kweli kabisa kwamba mtu mwenye usonji anaweza kumuumiza mwenzake bila kukusudia. Nalikubali hilo mapema, ili mtu asiseme pasta anapinga madaktari.

Lakini kutokujua ni kitu kimoja, na kuambiwa halafu ukaendelea ni kingine.

NG'OMBE ALIYEJULIKANA

Sasa rudi kwa lile andiko. Sheria ya Musa inasema ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, mwenye ng'ombe hana hatia. Ni ajali. Lakini kama huyo ng'ombe alijulikana kuwa na tabia ya kupiga pembe, mwenyewe akaonywa, na hakumfunga, basi damu iko juu ya mwenye ng'ombe.

Sisi ni watu wa ng'ombe, hatuhitaji mtu wa kutufafanulia. Ukijua ng'ombe wako ni mkali, unamfunga kamba. Unawaambia watoto wa jirani wasipite karibu na boma. Jirani akiumia, huwezi kwenda kwake ukasema, "Pole, lakini wewe si unajua huyu ng'ombe ni mkali?" Atakujibu: kama ULIJUA, mbona hukumfunga?

Sisemi mtu mwenye usonji ni ng'ombe, hapana! Ninasema juu ya tabia, na kila mmoja wetu ana yake. Wewe una hasira. Mwingine ana ulimi. Mwingine ana chupa. Mbele za Mungu, kuijua tabia yako hakukupunguzii wajibu. KUNAUONGEZA.

Kwa hivyo tuseme ndugu yetu ana usonji kweli. Sawa. Basi amejua sasa kwamba hasomi nyuso vizuri. Si hiyo ndiyo sababu ya kuwa mwangalifu zaidi? Si hiyo ndiyo sababu ya kusema, "Dada, mimi hukosea kwa maneno, nikikosea uniambie, na ukiniambia nitaacha"? Na binti ALIMWAMBIA. Hakumkunjia uso akangoja auelewe. Alimwandikia kwa maneno, "Wacha, sipendi." Ukiongea na wazazi wa watoto wenye usonji watakuambia kwamba mara nyingi wanachohitaji watoto wao ni hicho tu: neno la wazi lisilozungushwa.

SWALI NILILOPASWA KUULIZA

Baada ya yule mama kuondoka nilikaa nikafikiri, nikaona kuna swali ambalo nilipaswa kuliuliza siku ile ya wazee. Ni hili: JE, UNAWAFANYIA WOTE HIVI?

Je, alimwambia askofu wetu kwamba sauti yake ni ya mbuzi? Hapana. Je, anamtukana msimamizi wake kazini? Hapana. Je, kuna mzee yeyote wa kanisa aliyewahi kuandikiwa naye ujumbe saa sita usiku? Hapana. Walioumia wote ni wasichana, wadogo kwake kwa umri, wasio na cheo. Na ule ujumbe alikuwa akiufuta asubuhi.

Wapendwa, mtu asiyejua kwamba neno linaumiza hulisema kwa mkubwa na kwa mdogo. Hafuti ujumbe, maana haoni kosa la kuficha. Hali inayomheshimu askofu na kumdharau msichana si usonji. Biblia ina jina lake, na kila mmoja wetu analijua.

Msifikiri hii ni shida ya kijijini kwetu tu. Huko Uingereza kuna mtangazaji maarufu, Gregg Wallace, aliyekuwa akiongoza kipindi cha upishi cha MasterChef kwenye BBC. Mwaka 2025 uchunguzi ulichapishwa. Malalamiko yalikuwa 83, na 45 yakathibitishwa, mengi yakiwa ya maneno machafu ya ngono mbele ya wenzake kazini. Yeye alikuwa amepimwa na kuambiwa ana usonji, na alilalamika kwamba wenzake walijua yuko tofauti lakini hakuna aliyemlinda. Sisemi hana. Amepimwa. Lakini angalia ni nani waliopaza sauti: ni watu wenye usonji wenyewe, na mashirika yanayowatetea. Walisema usonji usitumiwe kama kisingizio, kwa maana unawachafua wote. Ni kama walikuwa wamesikia swali la yule mama mlangoni kwangu.

Umeona? Yule wa kwetu amejipima kwa simu. Yule wa Uingereza amepimwa na wataalamu. Na jibu ni moja. Hali ya mtu inaweza kutueleza KWA NINI alikosea. Haiwezi kusema kwamba aliyeumizwa HAKUUMIA.

ADAMU NA VICHAKA

Kisingizio ni cha zamani kuliko sisi. Adamu alipokosea alijificha kati ya miti, na alipoulizwa akamtaja mwanamke. Haruni naye, alipoulizwa kuhusu ile ndama, akasema alitupa tu dhahabu motoni, ndama ikatoka yenyewe! Tunacheka, lakini ni sisi. "Ni shetani alinidanganya." "Ni mila yetu." "Sisi watu wa huku tumezoea kuongea hivyo." Na siku hizi tumeongeza, "Ni usonji."

Mungu hakumwuliza Adamu kwa sababu hakumwona. Alimwuliza ili atoke kichakani kwa miguu yake mwenyewe.

LAKINI SIKIZENI NA UPANDE HUU

Nisisikike nimefunga mlango mmoja na kuvunja mwingine. Ujumbe huu usiwe fimbo ya kuwapigia watoto. Mtoto mwenye usonji akipiga kelele katikati ya sifa, hana utovu wa nidhamu. Akikupiga teke wakati masikio yanamuuma, hajakudharau. Yeye amezidiwa. Huyo hahitaji kuitwa mbele ya wazee. Anahitaji tupunguze spika.

Na hapa pia natubu. Yule mama aliwahi kuacha kuja kanisani mwaka mzima, kwa sababu tulimwambia "amchape kidogo" na tukataka kumwekea mtoto mikono kila Jumapili kama mwenye pepo. Mefiboshethi alikuwa na ulemavu wa miguu, na Daudi alimketisha mezani pa mfalme kila siku. Hakungoja kwanza apone. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na aitwe kwa jina lisilomdharau. Serikali ilisema hivyo, na kanisa langu lilikuwa nyuma.

Oneni basi dhambi ilivyo kali. Mtoto asiye na kosa tulimkosesha kiti. Mtu mzima aliyekosea tukampa kiti cha mbele, kwa jina la hali ile ile ya mtoto.

TUNAFANYA NINI?

Nimeketi tena na wazee, na haya ndiyo tuliyoamua.

1. Ndugu huyo ameondolewa kwenye nafasi yake ya huduma. Bado ni ndugu, na mlango wa ibada uko wazi kwake. Lakini hataongoza.

2. Tumemwomba aende hospitali apimwe kwa njia inayofaa, na kanisa litamsaidia nauli. Akithibitishwa, tutamsaidia aishi vizuri na hali yake. Asipothibitishwa, tutamsaidia vilevile na alicho nacho. Matokeo yoyote hayafuti namba 1.

3. Nilienda kwa binti na mke wangu, mbele ya wazazi wake, nikamwomba msamaha kwa haraka yangu. Sikumwambia asamehe yeyote. Hilo ni kati yake na Mungu, na atachukua muda anaotaka. Nilimwambia pia kwamba kusumbua mtu kwa ujumbe ni kosa kwa sheria ya mwaka 2018 ya uhalifu wa mitandaoni, na akitaka kwenda kituo cha polisi, nitaenda naye. Kanisa halitamzuia.

4. Kuanzia Jumapili hii, viti viwili vya karibu na mlango wa kushoto ni vya mama na mtoto wake. Spika ya upande huo imezimwa. Mtoto akitaka kutoka, atoke. Akitaka kurudi, arudi. Hakuna kugeuka kumtazama.

Na wewe unayesoma, unayehisi labda una usonji, usiogope. Pengine ni kweli, na pengine kujua kutakupa amani uliyoitafuta miaka mingi. Tafuta msaada. Njoo tuzungumze, sitakucheka. Lakini ukishajua, fanya kama Zakayo. Hakueleza kwa nini alikuwa mwizi. Alisimama akasema kwamba kama amemdhulumu mtu, atamrudishia mara nne.

Na wewe uliyeumizwa, ukaambiwa "mvumilie tu, ndivyo alivyo": kilio chako si ukosefu wa huruma. Bwana alikiona ujumbe ule kabla haujafutwa.

TUOMBE

Baba, tutoe vichakani. Tupe ujasiri wa kusema "nilikosea" bila kuongeza "lakini". Walinde mabinti wetu. Wabariki watoto wetu wenye usonji, uwape mahali tulivu nyumbani mwako. Na mimi mchungaji, unisamehe kwa kuponya jeraha la watu wako juu juu. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama una mtoto aliye na hali hii na umekuwa ukikaa naye nyumbani Jumapili kwa sababu yetu, niandikie kwa inboksi, au njoo ofisini Jumatano baada ya saa nane. Tuna viti vingine.

Mtumie huyu ujumbe mzee mmoja wa kanisa. Mmoja tu.

Mchungaji wenu, Kapsoit.