Vumbi la kerezo si sehemu ya kazi

Mzee aliyenifundisha kukereza mbao alikuwa na leso moja ya kitambaa kizito. Jioni ya siku tuliyokereza mukima, ile grevilea ya mashambani, alipopenga kamasi leso ilibaki na wekundu wa mti huo. Aliikunja, akairudisha mfukoni, akaniambia, "Kijana, hiyo ndiyo kazi yenyewe." Alikohoa miaka yote niliyomjua. Mwezi wa Julai, ukungu ukishuka kutoka milima ya Nyandarua hadi hapa kwetu Wamagana, Kenya, tulimsikia akikohoa usiku tukiwa ng'ambo ya barabara. Tulilaumu baridi, tukalaumu moshi wa kuni, tukalaumu umri. Vumbi halikutajwa hata siku moja.

Sasa karakana ni yangu. Ni banda la mabati nyuma ya nyumba, na humo natengeneza miguu ya stuli, nguzo za ngazi, bakuli na vifimbo vya kusukumia chapati. Nina kijana ninayemfundisha, na maneno ya yule mzee siwezi kumrudishia. Vumbi ni taka ya kazi, na taka huondolewa kabla haijamfikia mtu.

Wenzetu walilipa ili jambo hili lijulikane. Katika mji wa High Wycombe, Uingereza, ambako watu waliishi kwa kutengeneza viti vya mbao, daktari wa pua na koo aliyeitwa Esmé Hadfield aligundua miaka ya 1960 kwamba saratani ya ndani ya pua, ugonjwa ulio nadra sana, ilikuwa ikiwapata mafundi wa samani kupita kiasi. Yeye na wenzake walichapisha matokeo hayo mwaka 1968. Mwaka 1995, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Na kabla ya saratani kuna mafua yasiyoisha, kuna pumu, kuna ngozi kuwasha. Tangu ukataji miti katika misitu ya umma ulipopigwa marufuku Februari 2018, mbao nyingi zilizoingia bandani mwangu zimekuwa mukima wa kando ya kahawa na majani chai. Ni mti mzuri, una maua ya ndani yanayong'aa ukiupaka mafuta, lakini unajulikana kuwasha ngozi za watu wengine. Kijana wangu alivimba mikono hadi kwenye viwiko wiki yake ya pili.

Kosa letu mafundi ni kuogopa maranda. Maranda yanaonekana, yanarundikana miguuni, basi tukiyafagia tunadhani tumesafisha. Maranda huanguka chini yenyewe, na wenye kuku huja kuyabeba kwa magunia. Balaa liko kwenye msasa. Unywele wa mtu una unene wa kama maikroni 70. Vumbi linalofika ndani kabisa ya mapafu halifiki maikroni 10, na huelea hewani kwa saa nyingi baada ya mashine kuzimwa. Unaingia bandani asubuhi, hujagusa kitu, tayari unavuta vumbi la jana.

Nilipoamua kulikabili nilikosea pia. Nilinunua blowa, nikaiunganisha na paipu ya inchi 4, nikaweka mdomo wa paipu mbali kiasi cha mkono mzima kutoka kwenye kerezo ili usinizuie. Ilinguruma siku nzima, stima ikaliwa, na kope za kijana zikabaki nyeupe.

Jaribu jambo hili nyumbani. Washa mshumaa, uupulize ukiwa umbali wa mkono, utazimika. Sasa uuzime kwa kuvuta pumzi. Hutaweza, hata uusogeze karibu na midomo hadi uhisi joto. Hewa inayopulizwa husafiri mbali, lakini inayovutwa hutoka pande zote kwa pamoja, kwa hiyo nguvu yake hufa hapo hapo mlangoni. Ukisogea mbali na mdomo wa paipu kwa umbali ulio sawa na upana wake, kasi ya hewa imebaki kama sehemu moja ya kumi. Mashine yangu ilikuwa ikivuta hewa safi ya mlangoni.

Jibu nililipata kwenye foleni ya kusaga mahindi. Kila kinu cha posho kina ile koni ya bati iliyosimama juu ya mfuko. Unga huingia pamoja na hewa kwa ubavuni, huzunguka ukijisugua kwenye bati, hupoteza mwendo na kuteleza chini, nayo hewa hutokea juu katikati. Hiyo ndiyo mashine wanayouziwa mafundi wa Ulaya na Marekani kwa bei ya kutisha. Fundi wa bati aliniundia koni ya namna hiyo, nikaikalisha juu ya pipa lenye mfuniko usiovuja. Blowa niliiweka baada ya koni, ili vipande vya mti viishie pipani visigonge mapanga yake. Paipu niliibadilisha ikawa ya inchi 6, ambayo hupitisha hewa zaidi ya mara mbili ya ile ya inchi 4, nikaifanya fupi, yenye kona moja tu.

Mdomo wa paipu ni debe la mafuta ya kupikia nililolikata ubavu. Linakaa nyuma ya mbao, chini kidogo, umbali wa kiganja. Mbao ikizunguka, kwa juu inakuja kwangu na kwa chini inaniacha. Kwa hiyo napiga msasa upande wa chini, nalo vumbi linarushwa lenyewe kuelekea debeni. Napunguza mwendo pia, maana mbao ikienda kasi hurusha vumbi kuliko debe linavyoweza kumeza. Kupima, nilifagia banda likabaki tupu, nikashika gunzi linalofuka moshi pale msasa unapokaa. Moshi ulilala ukaingia debeni wote. Niliposogeza debe nyuma shubiri moja, ukapanda darini.

Huko ng'ambo mafundi hufunga vichujio vya gharama ili hewa ile ile irudi ndani, kwa sababu wamelipia kuipasha joto majira ya baridi. Sisi hatupashi karakana joto. Wamagana kuna baridi, ndiyo, lakini tunavaa sweta. Basi tundu la kutolea hewa nililipitisha ukutani, likaelekea kwenye migomba, mbali na kamba ya nguo ya jirani, na gharama ya kichujio ikaniepuka. Mashine ya kunolea patasi nimeihamishia nje, kwa kuwa cheche moja ikifika kwenye pipa la vumbi kavu banda limekwenda.

Barakoa ninavaa, ile inayobana vizuri usoni. Ile ya kitambaa chepesi tuliyoizoea wakati wa korona hupitisha vumbi kwenye mashavu. Hata ile nzuri ni ya kuongezea tu. Haimsaidii mtoto anayekuja kumwita baba chakula, wala mama anayefua nguo za kazi. Na tusifagie pakavu. Nyunyiza maji kwanza.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi achukue kila hatua inayowezekana kuwakinga watu na vumbi, na panapowezekana aweke kifaa cha kulivuta karibu na linapotokea. Ni sheria nzuri iliyoandikwa vizuri. Lakini siku nilipofanya mtihani wangu wa ufundi niliulizwa pembe za patasi na aina za viungio, vumbi sikuulizwa. Nawaomba wanaofundisha na kuwatahini vijana wetu: anayeweza kukereza nguzo ya ngazi na hawezi kuonyesha vumbi lake linakwenda wapi, asipewe cheti bado.

Na wewe mwenye kerezo nyumbani, leo usiku, saa mbili baada ya kuacha msasa, rudi bandani. Zima taa, washa tochi ya simu, uimulike kwa ubavu. Utaona mwenyewe kinachoelea.