Gari Lang'aa Nje, Ndani Lafuga Maradhi

Mvua za masika hupita, kisha huja baridi ya Juni hadi Agosti. Baridi hiyo inapoanza kulegea, pita kando ya barabara yoyote kubwa ya Nairobi siku ya Jumamosi asubuhi nawe utawaona wenye magari wamepanga foleni mahali pa kuoshea, kila mmoja akitaka tope la miezi mingi liondolewe. Ni desturi njema. Lakini ukitazama kwa makini utagundua kwamba kazi kubwa hufanywa nje. Bodi husuguliwa na kupakwa nta, magurudumu hutiwa mafuta yang'ae, na ndani hupitishwa kitambaa kilicholowa. Kisha milango hufungwa na pesa hulipwa.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Msomaji, wewe na watoto wako hamketi juu ya boneti. Mnaketi ndani, na hewa ya humo ndiyo mnayoivuta kwa saa nzima au zaidi katika msongamano wa Barabara ya Thika au Jogoo. Maoni yangu ni kwamba tumeufanya usafi wa gari kuwa jambo la urembo, ilhali ni jambo la afya.

Katika nchi za Ulaya zenye theluji, chumvi humwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu. Majira ya baridi yakiisha, wenye magari huko huyaosha hasa sehemu za chini ili chumvi isilete kutu. Sisi hatuna chumvi hiyo. Adui wetu ni unyevu. Kwa miezi mitano au sita twaingia garini na viatu vya matope, miavuli inayodondosha maji na sare za shule zilizoloa, na kwa sababu ya baridi twafunga madirisha yote. Maji hupenya chini ya mikeka ya mpira hadi kwenye zulia, na hapo hukaa kwa majuma bila kupata jua.

Zulia au kiti kikikaa na maji kwa siku moja au mbili tu, ukungu waweza kuanza kumea. Ukungu hutoa vijichembe vidogo mno visivyoonekana kwa macho, navyo hupeperuka na kuingia puani na mapafuni. Kwa mtu mwenye afya huenda ikawa ni kupiga chafya na kuwashwa macho tu. Kwa mwenye pumu, hasa mtoto, vyaweza kuamsha shambulio la kumkata pumzi. Mwaka wa 2009 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu majumbani, likaeleza kwamba wanaokaa katika nyumba zenye hali hiyo wamo katika hatari zaidi ya kupata matatizo ya kupumua na pumu. Gari ni chumba kidogo kuliko nyumba yoyote, na aghalabu madirisha yake hufungwa. Mzazi anayeshangaa kwa nini mtoto wake hukohoa kila afikapo shuleni, yafaa aanze kwa kuinua zulia la gari lake.

Wengi wetu tukisikia harufu ya uvundo hukimbilia kununua manukato ya kuning'iniza kwenye kioo. Hayo hayaui ukungu, huuficha tu. Tena baadhi ya wenye pumu hudhurika kwa manukato makali yenyewe.

Basi lifanyike nini? Chagua siku ya jua. Ondoa kila kitu, mikeka na vitu vya butini vikiwemo, na ufungue milango yote. Fyonza vumbi kwa mashine, kisha sugua zulia na viti kwa brashi, sabuni na maji kidogo. Maji mengi ni kuulisha ukungu. Penye ukungu pakaushwe, pasuguliwe kwa siki nyeupe, kisha paanikwe tena. Mwenye kazi hiyo ajifunge barakoa na kuvaa glavu. Usifunge gari kabla halijakauka kabisa. Halafu tafuta maji yalikoingilia: mipira ya milango iliyochakaa, au vijitundu vya kupitishia maji chini ya kioo cha mbele vilivyozibwa na majani. Ukikausha bila kuziba njia ya maji, masika yajayo utaanza upya.

Kuna pia kichujio cha hewa ya ndani, ambacho katika magari mengi ya Japani hukaa nyuma ya kile kisanduku kilicho mbele ya abiria. Magari mengi hapa kwetu hufika yakiwa yametumika miaka kadhaa, na wako wenye magari wasiojua kwamba kichujio hicho kipo. Mwambie fundi akitoe akuonyeshe. Ukikikuta cheusi, kimejaa vumbi na majani, basi hiyo ndiyo hewa mliyokuwa mkivuta. Kibadilishwe angalau mara moja kwa mwaka.

Nasisitiza onyo moja. Kamwe usichanganye jiki na siki, wala na dawa ya choo yenye asidi, wala na sabuni yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu inayochoma macho na mapafu, na ndani ya gari hakuna pa kuikimbilia.

Fundi akiwa chini ya gari, mwombe aikague ekzosi. Tope na kutu huitoboa, na moshi ukaweza kupenya hadi waliko abiria. Katika moshi huo mna gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ukiumwa kichwa, ukihisi kizunguzungu na kichefuchefu kila uendeshapo gari, usimeze dawa na kuendelea na safari. Zima injini, toka nje, kisha umwone daktari na fundi.

Kwa wenye matatu nina neno. Mwaka wa 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, matatu ya abiria 14 yaliamriwa kubeba 8, na makondakta wakasimama mlangoni na dawa ya kunawia mikono. Tuliona kwamba usafi wawezekana. Leo ukiingia katika matatu nyingi utakuta kiti kimelowa, sakafu ina tope na madirisha yamefungwa. Kifua kikuu huenezwa kwa hewa, na hewa iliyofungiwa humsaidia. Mwenye gari anayelipia michoro na muziki hashindwi kulipia zulia likaushwe. Nawe abiria, fungua dirisha hata kama kuna baridi, na usione haya kumwomba mwenzako afungue lake.

Tusiwasahau vijana wanaotuoshea magari. Wao hushinda miguu ndani ya maji ya sabuni, mikono ikipasuka, na baadhi yao husafisha injini kwa petroli bila glavu. Petroli ina benzini, kemikali inayojulikana kusababisha saratani ya damu, mbali na hatari ya moto. Ukimwona akichukua petroli, mkataze, umwambie atumie sabuni. Na umlipe zaidi kwa kazi ya ndani, maana kukausha gari sawasawa huchukua saa nyingi. Tukilipia mng'aro wa nje peke yake, tutapata mng'aro huo tu.

Kinga ni bora kuliko tiba, na ni rahisi pia. Brashi, siki na siku moja ya jua havifikii gharama ya kumlaza mtoto hospitalini usiku mmoja akitafuta pumzi. Jumamosi hii, kabla hujauliza kama rangi imeng'aa, inua mkeka uliopo miguuni pako, utie mkono chini yake uone kama pakavu.