Wacheni Kupima Piza ya Garissa kwa Rula ya Nairobi

Juzi niliweka video ya piza ya hapa Garissa. Piza ya kawaida tu: nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili hoho, jibini ya kutosha. Kabla chai yangu haijapoa, maoni yalikuwa yamejaa. "Hiyo ni chapati imevaa suti." "Nenda Nairobi ule piza, wacha kutuchekesha." Na mmoja, kijana wa Bulla Iftin kama mimi, akaandika kwamba piza ya mwisho ya maana aliikula Nairobi akiwa darasa la tatu, na tangu siku hiyo hizi zetu zote ni mchezo.

Huyo wa mwisho ndiye nataka kumjibu. Wale wengine ni makelele ya kawaida ya mtandao, yanakuja na yanaenda. Lakini huyu amesema kitu ambacho nusu ya rika langu huku wanakiamini, na kinaua biashara za vijana wenzetu pole pole.

Tuanze na hiyo piza ya darasa la tatu, kwa sababu hata mimi niliila.

Ukiwa umekulia Garissa, Wajir ama Mandera kwa umri wetu, Pizza Inn, Steers na Debonairs hazikuwa mikahawa. Zilikuwa ndiyo Nairobi yenyewe. Huku hakukuwa na tawi hata moja. Unangoja likizo ya Agosti ama Desemba, mnapanda basi alfajiri, mnafika daraja la Tana, mnashuka wote, wakubwa wanatoa vitambulisho, mnapanda tena. Huko mbele kizuizi kingine, mnashuka tena. Ni kama kilomita 370 mpaka Nairobi, na mtoto wa miaka tisa hana hesabu nyingine kichwani isipokuwa kwamba mwisho wa hii barabara abti ameahidi piza.

Siku yenyewe huwa Jumanne. Kila mtu wa rika letu anajua kwa nini: Jumanne ya Pizza Inn, ukinunua moja unapewa ya pili. Familia ya watu tisa itaenda siku gani nyingine? Na kabla mtu hajavuta kiti, hooyo anasimama mbele ya ukuta kusoma cheti cha halali. Hasomi juu juu. Anasoma mpaka tarehe, kuona kama hakijaisha muda. Halafu anamwita mhudumu na kumuuliza swali ambalo jibu lake liko pale pale ukutani. Sisi watoto tunaona aibu, tunajifanya hatumjui. Ndipo anageuka na kusema, "Haya, kaeni."

Mimi naamini hiyo "haya, kaeni" ndiyo ilikuwa tamu. Umetoka kwenye joto la nyuzi 38, umeingia kwenye baridi ya mashine. Tangu alfajiri watu wamewauliza nyinyi ni nani na mnatoka wapi, na hapa kuna karatasi ukutani inayosema watu kama nyinyi mlikuwa mnangojewa. Babako amezima simu. Hiyo hata ungepewa mkate mkavu ungeukumbuka.

Halafu zile safari zikakatika. Aprili 2014 ikaja operesheni ya Usalama Watch, watu wakawa wanachukuliwa Eastleigh na kupelekwa uwanja wa Kasarani, na familia nyingi za huku zikaona Nairobi si mahali pa kupeleka watoto likizo. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Aprili 2015, ikatokea ile ya Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 wakauawa. Baada ya hapo ikawekwa kafyu ya usiku Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Sitasema mengi juu ya miaka hiyo, kila mmoja wetu anayo yake. Nataka tu uone kalenda: kwa wengi wetu ile piza ya utotoni ilikuwa ya mwisho kabla ya mambo kuharibika. Kwa hivyo tumeihifadhi kama vile mtu anavyohifadhi picha ya nyumba ya zamani, na hakuna piza ya leo, ya Garissa ama ya Roma, inayoweza kushindana na picha.

Mwezi jana nilikuwa Nairobi kushuti harusi, nikampeleka binamu yangu wa miaka tisa kwenye moja ya hizo chapa za utotoni. Sitaji ni gani, maana hawakunikosea chochote. Piza ilikuja moto, mhudumu alikuwa na adabu, meza ilikuwa safi. Nikauma. Ilikuwa sawa. Yaani, sawa. Unga mnene, jibini ina utamu fulani wa sukari, nyama ya kutafuta na tochi. Ungeniwekea hiyo na moja ya huku karibu na Soko Mugdi, macho yamefungwa, ningezila zote mbili na kuomba soda.

Binamu yangu alikula vipande viwili, akaizungusha meza kwa macho, kisha akamuuliza mhudumu, "Basbaas iko?" Mhudumu hakujua ni kitu gani. Mtoto akanitazama kama mtu aliyesafirishwa mbali bure. Yeye piza ameijulia Garissa. Kwake piza isiyo na pilipili ya kijani iliyosagwa na ndimu bado haijaiva. Mimi nilikuwa nimebeba simu tayari kurekodi uso wake ukishangaa, na kitu cha pekee nilichopata ni mtoto anayetaka kujua kama tunaweza kwenda kununua viatu sasa.

Ile video sikuiweka. Lakini imenifanya nitafute hizi chapa zilitoka wapi, na hapa ndipo wengi wenu mtashtuka, kwa sababu tulikua tukidhani ni vitu vya Marekani. Chicken Inn ilianza Harare mwaka 1987. Ile Pizza Inn yetu iko chini ya kampuni hiyo hiyo ya Zimbabwe, Simbisa Brands. Debonairs ilianzishwa mwaka 1991 Pietermaritzburg, Afrika Kusini, na wanafunzi wawili wa chuo. Pietermaritzburg si Johannesburg wala Cape Town. Ni mji wa mkoani, na wale walikuwa vijana wa umri wako wakipika piza na kupelekea watu majumbani. Na niko na uhakika kuna mtu wa mtaa wao aliyewaambia waende kwanza wakaone piza ya kweli ni nini.

Sasa mfikirie kijana wa hapa mjini anayefanya kazi hiyo hiyo. Jibini yake inatoka Nairobi kwa basi, ndani ya sanduku la barafu, na anaomba Mungu basi lisiharibikie njiani. Stima ikipotea mchana, friji inakuwa kabati. Unga unaumuka kabla hajamaliza kuukanda, kwa sababu joto la Machi hapa halingoji mtu. Hata hawezi kusema atengeneze jibini yake mwenyewe na maziwa ya huku, maana maziwa ya ngamia hayagandi kirahisi kama ya ng'ombe, hilo muulize yeyote aliyejaribu. Na akishavuka yote hayo, piza iko mezani, imeiva, inakuja na mtu anaipiga picha kuandika "chapati imevaa suti."

Kuna kichekesho kingine hapa ambacho hatukicheki vya kutosha. Garissa ina moja ya masoko makubwa ya mifugo Afrika Mashariki. Kila wiki ng'ombe wanapakiwa kwenye malori na kwenda Nairobi na Mombasa, kwa barabara ile ile tuliyokuwa tunapanda basi. Sisi tulikuwa tunasafiri siku nzima kwenda kula, juu ya unga, ng'ombe ambaye pengine tuliachana naye darajani.

Mtu ataniambia, "Basi chapa kubwa zifungue tawi hapa, tatizo liishe." Sina ubaya na hilo, zikija nitaenda, na hooyo atasoma cheti. Lakini tusizingoje kama mvua. Mnakumbuka Januari 2022, KFC ilipoishiwa na chipsi Kenya, huku viazi vya wakulima wetu vimejaa sokoni? Viazi vyao vilikuwa vinaagizwa kutoka nje na meli zikachelewa. Chapa kubwa imejengwa ili kila tawi lifanane na lingine, hiyo ndiyo nguvu yake, na ndiyo sababu haitawahi kukuuliza wewe wa Garissa unataka nini juu ya piza yako. Kijana wa hapa anaweza kukuuliza. Tena anaweza kubadilisha kesho jioni.

Na wanaosema piza si chakula chetu kwa hivyo haina haja, wakaangalie sahani ya nyumbani kwao. Baasto ilitoka wapi? Waitalia waliitawala Somalia ya kusini, wakaacha pasta, wazee wakaichukua, wakaitia viungo na nyama ya mbuzi, wakaweka ndizi kando. Leo mwambie ayeeyo kwamba baasto ni ya wageni uone kama utalala ndani. Hakuna aliyekaa chini kupima baasto ya Garissa kwa rula ya Mogadishu, sembuse ya Roma. Watu waliipika mpaka ikawa yao. Piza iko njia hiyo hiyo, iko tu kituo cha kwanza.

Lakini kinachonisukuma kuandika yote haya si chakula peke yake. Ni saa mbili usiku. Wadogo wetu hawajui mji ulivyokuwa ukifungwa mapema, maduka yanashusha milango jua halijazama vizuri. Leo baada ya Isha unakuta meza za plastiki zimetolewa nje, familia zimekaa, wasichana wanne wa chuo wanagawana piza moja na kucheka kwa sauti, wazee wawili upande mwingine wanabishana juu ya bei ya ngamia. Hizo meza ziko pale kwa sababu kuna mtu anauza kitu cha kukalia. Chai ina mahali pake, lakini vibanda vingi vya chai ni vya wanaume, tuwe wakweli. Kajoint ka piza na baga ndiko mahali dada yangu anaweza kukaa na marafiki zake bila mtu kuuliza amekuja kwa nani. Kakifungwa, wanarudi kukaa chumbani na simu. Mimi nimeshuhudia viwili vikifungwa mwaka huu.

Sasa, wenye hizo joint, msifikiri mmeponyoka. Kwa nini picha zote kwenye menyu yenu ni za mtandaoni, na piza inayokuja haina hata ukoo na ile ya kwenye picha? Pigeni picha yenu. Ketchapu ya chupa si sosi ya piza, na mashamba ya kando ya Tana yanatoa nyanya. Mkisema mnafungua saa kumi, fungueni saa kumi, si "baada ya kidogo." Na hayo majina! Kila mtu ni New York hii, Chicago ile. Hujawahi kufika hata Isiolo na duka lako linaitwa Manhattan. Bandikeni cheti ukutani, mahali mama wa mtu anaweza kukisoma bila kuomba ruhusa, kwa sababu kuwa Garissa si sababu ya kukificha.

Halafu, tafadhali, mwekeni nyirinyiri. Nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa, ikahifadhiwa kwenye samli, haitaki friji, haiogopi stima kupotea, na inakaa muda mrefu kuliko uvumilivu wa mteja. Mnasumbuka na soseji za kuagiza na hiyo iko jikoni kwa mama zenu, ndani ya chombo. Nyirinyiri, kitunguu, jibini kiasi, basbaas kando. Niliwahi kumpa mpishi mmoja wazo hili akacheka, akaniambia hakuna atakayenunua. Kama kuna mwingine anayeitengeneza tayari, aandike hapo chini ni mtaa gani na anafungua saa ngapi. Nakuja na binamu yangu, na yeye hana adabu ya kusifu kitu kibaya.