Aliyemeza Kidonge Anadai Jibu

Kila mgonjwa anayemeza kidonge chenye kamera huacha nyuma yake mdaiwa. Mdaiwa huyo ni daktari aliyekubali kuzisoma picha, au hospitali iliyoahidi kwamba yupo atakayezisoma. Bodi ya wahariri inalisema hili mapema kwa sababu habari za utafiti wa vidonge vinavyopiga ultrasaundi ndani ya utumbo zimekuwa zikiandikwa kama habari za harusi: sifa kwa bwana, sifa kwa bibi, na hakuna anayeuliza ukumbi unalipwa na nani. Utafiti wenyewe ni wa maana. Lakini kipimo hakina kazi mpaka awepo mtu anayewajibika kwa kile kilichoonekana, na hapo ndipo tunapoona uzembe ukinyemelea.

Kwanza, kwa nini ultrasaundi inatafutwa. Kidonge cha kamera kilitangazwa katika jarida la Nature mwaka 2000 na kundi la Gavriel Iddan, mhandisi wa Israeli aliyetokea kwenye kazi ya makombora, akiwemo Paul Swain, daktari wa London. Agosti 2001 Marekani iliruhusu kitumike. Kilikuwa na upana wa milimita 11 na urefu wa milimita 26, kikipiga picha mbili kila sekunde huku utumbo wenyewe ukikisukuma. Utumbo mwembamba wenye mita sita hivi, ambao mpira wa endoskopi ulikuwa haufiki kwa urahisi kutoka juu wala kutoka chini, ukaonekana bila mgonjwa kupasuliwa.

Kasoro yake ni moja na ni kubwa: kamera huona utando wa juu tu. Ugonjwa wa Crohn hula ukuta wa utumbo kuanzia ndani hadi nje. Saratani changa ikiwa bado ipo kwenye utando wa ndani, daktari anaweza kuikata kwa endoskopi na mgonjwa akarudi nyumbani. Ikishazama kwenye tabaka za chini, mara nyingi inahitaji kisu. Kati ya hali hizo mbili pana milimita chache ambazo jicho la kamera haliwezi kuzipima. Sauti inaweza. Tangu miaka ya 1980 madaktari wamekuwa wakiweka kipimo cha ultrasaundi kwenye ncha ya mpira wa endoskopi na kuzihesabu tabaka za ukuta wa tumbo moja baada ya nyingine, ila mpira huo hauendi mbali ndani ya utumbo mwembamba. Ndiyo maana wahandisi wanataka kukiingiza kipimo hicho kwenye kidonge.

Si ajabu kwamba sehemu ya kazi hiyo imefanyika Glasgow, Uskoti. Mwaka 1955 Ian Donald, profesa wa magonjwa ya wanawake na uzazi katika mji huo, alichukua uvimbe uliokwisha kutolewa kwa wagonjwa akaupeleka kwenye kiwanda cha matangi ya mvuke cha Babcock & Wilcox, Renfrew, ili aupime kwa mashine iliyotumika kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Pakaletwa na kipande cha nyama ya ng'ombe cha kulinganishia. Mwaka 1958 yeye, John MacVicar na mhandisi Tom Brown wakachapisha matokeo yao katika Lancet. Miongoni mwa wagonjwa wao wa mwanzo alikuwemo mwanamke aliyevimba tumbo, ambaye madaktari walikuwa wamekwisha kusema ana saratani ya tumbo isiyoweza kufanyiwa upasuaji. Mashine ya Donald ilionyesha mfuko mkubwa wa maji wa ovari. Ukatolewa, akapona.

Wanaosimulia kisa hiki hutukuza mashine. Sisi tunawatazama walioishika. Aliyeona mwangwi kwenye kioo alikuwa ni daktari mwenye wodi, mgonjwa yumo hospitalini humo humo, na kama angekosea kusoma asingepata mahali pa kujificha. Mnyororo kati ya picha na uamuzi ulikuwa mfupi. Kidonge kinaurefusha: kinamezwa hapa, picha zinahifadhiwa kule, zinasomwa na mtu wa tatu ambaye huenda hajawahi kumwona mgonjwa, na ripoti inarudi kwa wa nne. Kila pete ya mnyororo huo ni mahali ambapo mtu anaweza kusema kazi ile haikuwa yake.

Sasa tuuangalie utafiti wenyewe. Vyuo vikuu vya Glasgow, Leeds, Dundee na Heriot-Watt vilishirikiana katika mradi uitwao Sonopill, na mwaka 2019 matokeo makubwa yalichapishwa katika jarida la Science Robotics. Kifaa kilikuwa na kamera, taa, sumaku na kipimo kidogo cha ultrasaundi. Nje ya mwili, mkono wa roboti wenye sumaku nyingine ulikiongoza mpaka kikagusa ukuta wa utumbo mpana na kuuchunguza. Waliochunguzwa walikuwa nguruwe. Kifaa kilikuwa na upana wa milimita 21 na urefu wa milimita 39, na kilivuta waya mwembamba uliotoa picha hadi kwenye kompyuta. Basi si cha kumezwa. Wahandisi walisema kinaweza kupunguzwa, nasi hatuna sababu ya kuwabishia, lakini msomaji aliyeambiwa kwamba kidonge kimekuja kuchukua nafasi ya endoskopi aliambiwa jambo ambalo halijatokea.

Na kukipunguza si suala la ufundi wa mkono tu. Sauti husafiri katika nyama ya mwili kwa kasi ya mita 1,540 hivi kwa sekunde. Kipimo cha kawaida kinachopakwa jeli tumboni, cha megahezi 3.5, hutoa wimbi la karibu nusu milimita; ukipandisha hadi megahezi 30, wimbi linashuka hadi sehemu ya ishirini ya milimita, na hapo tabaka za utumbo zinaonekana wazi. Malipo yake ni kina: kadiri masafa yanavyopanda, ndivyo sauti inavyochoka mapema. Kwa ukuta wa utumbo hilo linavumilika. Hewa haivumiliki. Mawimbi yakikuta gesi hurudi karibu yote, na utumbo una gesi. Kidonge kisichogusa ukuta, wala kisichozungukwa na majimaji, kinapiga picha za giza. Tena kinahitaji umeme mwingi kuliko kamera na kinazalisha data nyingi kuliko redio ndogo inavyoweza kurusha, na betri yake ni ya kiasi cha ile ya saa ya mkononi.

Kwa hiyo wajibu wa kwanza ni wa watafiti. Kila andiko la kidonge cha ultrasaundi liseme kati ya picha mia moja zilizopigwa ni ngapi zilitoka tupu, na liseme kifaa kilikuwa sehemu gani ya utumbo kila picha ilipopigwa. Picha moja safi iliyochaguliwa kwa ajili ya ukurasa wa mbele haimsaidii daktari. Kidonda kilichoonekana mahali pasipojulikana hakimsaidii mpasuaji.

Wajibu wa pili ni wa hospitali, nao ni mgumu zaidi kwa sababu hauna tuzo. Fanya hesabu: picha mbili kila sekunde kwa saa nane ni zaidi ya 57,000. Programu za kompyuta hutupa zinazofanana na kuonyesha zenye shaka, na bado msomaji mzoefu anaweza kukaa saa nzima juu ya mgonjwa mmoja. England ilipotangaza mwaka 2021 kwamba wagonjwa 11,000 wangepewa kidonge cha kamera cha kuchunguza utumbo mpana, wengine wakiwa majumbani kwao, vichwa vya habari vilihusu kidonge. Tungependa vingehusu saa kama 11,000, moja kwa kila mgonjwa, za watu wazima waliokaa mbele ya kioo. Ukiongeza ultrasaundi unaongeza aina ya pili ya picha, ambayo daktari aliyezoea rangi za kamera hakufundishwa kuisoma. Kujua kivuli hiki ni misuli na kile ni uvimbe kunahitaji picha zilizolinganishwa na vipande vya nyama vilivyopimwa maabara, mgonjwa kwa mgonjwa, kwa miaka. Kazi hiyo haina mvuto, na wafadhili huikimbia. Wasiikimbie.

Kuhusu kompyuta inayosoma peke yake, msimamo wetu ni mfupi: sahihi chini ya ripoti iwe ya binadamu mwenye leseni.

Mgonjwa naye anadai ukweli kabla ya kumeza. Katika kila watu mia wanaomeza kidonge cha kamera, mmoja au wawili hivi hukwamiwa nacho, hasa mahali utumbo ulipobanwa na ugonjwa, na kwa mwenye Crohn hatari huwa kubwa zaidi. Kikikwama huenda akahitaji endoskopi au upasuaji kukitoa. Kabla hakijatoka haruhusiwi kuingia kwenye mashine ya MRI. Viko vidonge vya majaribio vinavyoyeyuka, vya kupima kama njia iko wazi. Asipewe cha kweli mwenye dalili za kubanwa bila kupita hapo. Tena aelezwe kwa lugha anayoielewa, si kwa fomu ya kurasa tano iliyosainiwa mlangoni.

Wasomaji wetu watauliza habari ya huku kwetu. Saratani ya umio ina ukanda wake unaotoka Ethiopia, ukapita Kenya na Tanzania, hadi Malawi na kuendelea kusini. Wagonjwa wengi hufika hospitali pale ambapo hata uji haupiti. Kidonge kinachomezwa hupita kwenye umio kwa sekunde chache tu. Kwa ugonjwa huu hakina mengi ya kutueleza. Kilichoonyesha njia ni kitu cha bei ndogo: Bomet nchini Kenya, katika eneo la Hospitali ya Tenwek, watu wasio na dalili wamechunguzwa kwa endoskopi na kunyunyiziwa iodini kwenye umio, ambapo sehemu yenye afya hugeuka kahawia na sehemu yenye hitilafu hubaki imepauka. Kandokando ya Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo huharibu njia za damu kwenye ini mpaka mgonjwa akatapika damu. Ultrasaundi ya kawaida juu ya ngozi inalionyesha ini hilo, na endoskopi yenye vipira vidogo huifunga mishipa inayovuja. Mkuu wa hospitali anayetamani kukata utepe mbele ya kidonge kipya, huku mashine yake ya endoskopi ikiwa imefungiwa kwa kukosa fundi, amekosea mpangilio wa kazi, na wizara inayomwachia imekosea pamoja naye.

Hatusemi kidonge kifungiwe mlango; tunasema kifunzwe magonjwa ya huku. Kifua kikuu cha utumbo kinafanana mno na Crohn, na huku kwetu ndicho kinachotangulia kushukiwa. Kidonge kitakachofunzwa kwa matumbo ya Uskoti pekee kitaipotosha Mwanza. Watafiti wa kule wana wajibu wa kuwashirikisha madaktari wa huku tangu kuandikwa kwa mpango, nao wa huku wana wajibu wa kukataa kuwa wakusanyaji wa wagonjwa tu.

Mamlaka zinazosajili vifaa tiba, TMDA kwa Tanzania na wenzake wa nchi jirani, zina nafasi ya kutangulia kabla msafara haujafika. Hospitali yoyote itakayoomba kutumia vidonge hivi ieleze kwa maandishi jina la daktari atakayesoma, idadi ya siku ambayo ripoti haitaizidi, mpasuaji atakayeitwa kidonge kikikwama, na mahali rekodi zitakapotunzwa. Isiyoweza kujibu isipewe kibali, hata kama vidonge vimetolewa bure.