Nani Alimlisha Mamba?



Hapa Katonga mamba si jambo la kuchekea. Wavuvi wetu hulala ziwani, akina mama hufua ufukweni, na watoto huoga hapo hapo. Ndiyo maana tulipoitazama filamu ya Kimarekani ya Primeval, iliyotoka mwaka 2007, pamoja na vijana wa mwaloni, yalizuka mabishano. Wengine walisema ni filamu ya kutisha tu, mamba anakula watu, basi. Sisi tulisema ndani yake mna siasa, na bado tunasema hivyo.

Mamba anayetajwa humo alikuwepo kweli. Ni Gustave, wa mto Ruzizi na pwani ya kaskazini ya ziwa letu hili hili, upande wa Burundi. Mfaransa Patrice Faye, aliyempa jina hilo, alijaribu kumnasa kwa tundu kubwa la chuma akashindwa. Filamu inaongeza yake: waandishi wa habari wanatumwa kutoka Marekani baada ya mama mmoja Mzungu kuliwa, na huko wanakutana na mbabe wa vita anayeitwa kwa jina la mamba huyo. Kisha inatuambia kwamba mamba alizoea nyama ya binadamu kwa sababu vita vilijaza maiti mtoni. Tunajua ni vita gani. Ni vile vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, Oktoba 1993.

Hapo ndipo filamu ya dubwana inapogeuka tashtiti, yaani kejeli inayomlenga mwenye madaraka. Inatuonyesha mnyama, halafu inatuuliza: nani alimlisha?

Bong Joon-ho wa Korea Kusini aliuliza swali hilo vizuri zaidi katika filamu yake ya kisayansi ya kubuni, The Host, ya mwaka 2006. Mwanzoni bosi wa Kimarekani anaamuru dawa ya kuhifadhia maiti imwagwe kwenye bomba linaloelekea mto Han. Tukio la namna hiyo lilitokea kweli jijini Seoul mwaka 2000, katika kambi ya jeshi la Marekani. Katika filamu, mtoni humo anatokea dubwana na kumchukua binti wa familia maskini yenye kibanda cha vitafunwa ufukweni. Wakubwa wanafanya nini? Wanaifungia familia hiyo karantini kwa ajili ya kirusi ambacho hakipo. Anayewindwa sana ni maskini kuliko dubwana. Mtazamaji anacheka, kisha anaona aibu.

Wanafalsafa wenzetu watakumbuka kwamba Plato, katika kitabu cha tisa cha Jamhuri, anaichora nafsi ya mtu ikiwa na mnyama wa vichwa vingi ndani yake. Mtu dhalimu humlisha mnyama huyo na kumwacha utu wake ufe njaa. Kwa hiyo swali la nani alimlisha haliishii ikulu wala kambini. Linafika mpaka kwetu.

Nabii Nathani alilijua hilo. Hakumwendea Daudi na hotuba. Alimpa kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake wa pekee. Daudi akawaka hasira, ndipo nabii akamwonyesha kwamba tajiri huyo ni yeye mwenyewe. Kama kisa kingeishia kwenye hasira ya Daudi, kingekuwa burudani tu.

Na hapa ndipo Primeval inapokosea. Inawakejeli wababe wa vita na vyombo vya habari, lakini Warundi wengi ndani yake ni wauaji au chakula cha mamba. Wachache sana wanapewa sura ya jirani. Nasi tuliocheka tusijione wasafi. Mei 2015, baada ya mgogoro wa muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, maelfu ya Warundi walirundikana Kagunga, kwenye ufukwe mwembamba mpakani. MV Liemba ikawa inawaleta Kigoma, wakapokelewa Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa Nyarugusu. Kipindupindu kilizuka na kuua. Tukiri kwamba miongoni mwetu neno "mkimbizi" lilitamkwa kama jina la ugonjwa. Kipindupindu kililishwa na ukosefu wa maji safi na vyoo, na msongamano ule ulilishwa na siasa. Lakini ulimi wetu nao ulikuwa na mnyama wake wa kumlisha.

Wapo wanaosema mseminari hana kazi na filamu za madubwana. Tunawaheshimu, ila maono ya Danieli na Ufunuo yamejaa wanyama wa kutisha, na Kanisa halijawahi kuwasoma kama wanyama tu. Ni falme zilizojikweza.

Basi tunapendekeza kitu kidogo kwa vijana wa VIWAWA na Jumuiya Ndogo Ndogo. Mkishatazama filamu ya namna hii, msizime na kwenda kulala mara moja. Kaeni robo saa mjiulize: mnyama huyu ni nani kwetu, nani alimlisha, na sisi tulimtupia nini? Swali la mwisho ndilo gumu. Msilirukie, hata kama usiku umeenda.